Stockholm kwa msomaji wa Jinja

Ndugu Mhariri,

Nimeusoma kwa makini ukurasa wa safari wa gazeti lako la Jumapili iliyopita, ulioeleza namna ya kutumia siku tatu mjini Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Nashukuru kwamba gazeti la Kiswahili limeiona Skandinavia kuwa ni mahali ambapo msomaji wake anaweza kufika, kwa maana kwa miaka mingi tumeandikiwa kana kwamba sisi ni watu wa kutembelewa tu. Hata hivyo, mgeni aliyeelezwa katika makala ile alilala katika hoteli inayotazamana na kasri la mfalme, alikula mkahawani kila jioni, na alizungushwa visiwani kwa boti ya watalii. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Jinja. Mwezi Juni mwaka juzi nilikaa Stockholm siku nne, nilipokwenda kuhudhuria mahafali ya binti yangu katika mji wa Uppsala, na ninaandika kusema kwamba mji ule unamfaa hata mtu anayeishi kwa pensheni, mradi aipange siku yake kama wenyeji wanavyoipanga ya kwao. Hilo halikuwamo katika makala yenu, nami siamini kuwa ni jambo dogo.

Ya maandalizi nitayapitia upesi. Ada ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na mwombaji hutakiwa awe na bima ya safari inayoweza kugharimia matibabu ya yuro zisizopungua 30,000. Viza hiyo hiyo humruhusu kuingia Denmaki na Norwe pia. Sisi wa Entebbe hubadilisha ndege Addis Ababa, Istanbul au Amsterdam. Uwanja wa Arlanda uko yapata kilomita 40 kaskazini ya mji. Makala yenu ilitaja treni ya kasi inayofika katikati ya mji kwa muda usiozidi dakika 20, lakini nauli yake ni kubwa mno ukiilinganisha na njia niliyoonyeshwa na binti yangu: basi namba 583 hadi kituo cha Märsta, kisha treni ya kawaida ya abiria hadi mjini, vyote viwili kwa tiketi ile ile ya usafiri wa mji.

Jambo ambalo lingenifaa kuliko yote, kama ningaliambiwa mapema, ni la fedha. Nilibadilisha yuro zangu uwanjani nikapewa krona, nikapanda basi nikiwa na noti mkononi, na dereva akanieleza kwa upole kwamba basi halipokei fedha taslimu. Kadi yangu ya benki, ambayo nilihakikishiwa nyumbani kuwa inafanya kazi dunia nzima, ilikataliwa mara tatu, na mama mmoja aliyesimama nyuma yangu ndiye aliyenilipia nauli kabla sijajua hata namna ya kumshukuru kwa lugha yake. Maduka mengi, mikahawa mingi na hata vyoo vya umma hulipiwa kwa kadi peke yake, na mfumo wao wa kulipa kwa simu, uitwao Swish, humtaka mtu awe na akaunti katika benki ya Uswidi, kwa hiyo mgeni hawezi kuutumia kama sisi tunavyotumia pesa za simu kununua hata nyanya. Msafiri anayetoka Uganda aende mwenyewe benki, aombe kadi yake ifunguliwe kwa matumizi ya ng'ambo, na abebe kadi ya pili ya benki nyingine. Ushauri huu haupendezi kama picha za mnara na maji, lakini bila huo mtu hawezi kutoka uwanja wa ndege.

Kuhusu malazi, nililala katika merikebu. Katika kisiwa cha Skeppsholmen, ng'ambo ya maji kutoka mji wa kale, imetia nanga merikebu nyeupe ya milingoti mitatu iitwayo af Chapman, iliyojengwa Uingereza mwaka 1888 na ambayo tangu mwaka 1949 imekuwa hosteli. Vyumba ni vidogo kama inavyotarajiwa katika chombo cha majini, na katika hosteli za aina hii ni kawaida shuka na taulo kulipiwa kando, kwa hiyo nilikwenda na zangu. Niliamka asubuhi nikaona kasri lile lile la mfalme ambalo mgeni wenu alililipia gharama ya hoteli kubwa. Asiyependa kulala majini anaweza kutafuta nafasi katika kisiwa cha Långholmen, ambako gereza la zamani lililofungwa mwaka 1975 liligeuzwa kuwa hoteli na hosteli, au katika mtaa wa Södermalm, ambao ni wa kilima, wenye watu wa kawaida na maduka ya kawaida.

Sasa nije kwenye chakula, ambapo naona makala yenu ilikosea zaidi. Wenyeji wa Stockholm hawali mkahawani jioni kila siku, kwa sababu wao wenyewe huiona ni gharama kubwa. Mlo wa nje wa mfanyakazi wa kule ni wa mchana. Siku za kazi, kuanzia kama saa tano hadi saa nane mchana, mikahawa mingi huandika ubaoni maneno dagens lunch, yaani chakula cha mchana cha siku hiyo, na kwa bei moja mtu hupata sahani ya chakula moto pamoja na saladi, mkate, maji na mara nyingi kahawa. Nililipa kati ya krona 120 na 160. Krona moja ni kati ya shilingi 350 na 400 za Uganda, hivyo mlo huo huwa kati ya shilingi 42,000 na 64,000. Kwa Jinja hizo ni fedha nyingi, lakini nilishiba mpaka usiku, na jioni nilikula mkate na jibini na matunda niliyonunua dukani, nikiwa nimeketi kwenye benchi kando ya maji. Maji ya bomba ni safi na hunywewa bila kuchemshwa. Yanatoka katika ziwa Mälaren, na sikuona sababu ya kununua hata chupa moja.

Samaki asikose kuliwa. Pale Slussen, mji wa kale unapokutana na Södermalm, huuzwa strömming, samaki mdogo wa Bahari ya Baltiki aliye mkubwa kuliko mukene wetu, yaani dagaa wa ziwani, ambaye hupasuliwa, akatolewa mifupa, akapakwa unga wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, kisha akakaangwa na kuliwa pamoja na viazi vilivyopondwa. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kufundishwa namna ya kumla. Wasomaji Waislamu wenzangu, ambao gazeti hili linao wengi, walistahili kuambiwa kwamba vile vitonge vya nyama vinavyosifiwa kila mahali, köttbullar, mara nyingi huchanganywa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, na kwamba supu ya njegere inayopikwa siku ya Alhamisi, ikifuatiwa na chapati laini za maji, kwa desturi huwa na nyama ya nguruwe. Neno la kuulizia ni fläsk. Watu hujibu waziwazi, wala hawachukizwi na swali.

Nina jambo la furaha la kusema hapa. Waswidi wana desturi ya kuacha kazi na kukaa pamoja wakinywa kahawa na kula kitu kitamu, desturi waiitayo fika, na mikate yao mitamu ya desturi hiyo hukandwa kwa iliki au mdalasini. Nilipouma mkate wa iliki kwa mara ya kwanza, karibu na kituo cha Medborgarplatsen, nilikumbuka mahamri ya marehemu mama yangu, nikanyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba binti yangu aliniuliza kama naumwa. Katika mikahawa mingi kikombe cha pili cha kahawa, påtår, hutolewa bure au kwa bei ndogo. Nchi yetu huuza kahawa nyingi ng'ambo, ilhali wengi wetu hatuinywi. Kule nilijifunza kuketi nayo.

Ni karibu na kituo hicho cha Medborgarplatsen ulipo msikiti mkubwa wa Stockholm, uliofunguliwa mwaka 2000 ndani ya jengo lililokuwa kituo cha umeme, kazi ya msanifu Ferdinand Boberg. Naupendekeza hata kwa asiyeswali, kwa uzuri wa jengo. Lakini msafiri ajue kwamba saa zetu za Kiswahili huvurugika kule. Sisi tumezihesabu saa kwa jua linalochomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Stockholm mwishoni mwa Juni jua huzama baada ya saa nne usiku na kuchomoza yapata saa tisa na nusu, hivyo magharibi, isha na alfajiri hukaribiana mno, na ni heri kufuata ratiba ya msikiti kuliko kukisia. Mwezi Desemba huwa kinyume, kwani jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Ajihadhari pia na mkesha wa sikukuu ya Midsommar, ambao huwa Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni: maduka mengi hufungwa, wenyeji huhamia mashambani na visiwani, na mji hubaki kama umehamwa.

Katika mahali pa kutembelea, ningekuwa na siku moja tu ningekwenda kwenye makumbusho ya Vasa, kiingilio chake kikiwa karibu krona 200, na watoto wakiingia bure. Vasa ni merikebu ya kivita ya mfalme Gustav II Adolf, yenye mizinga 64, iliyozama tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza kabisa, baada ya kwenda mita 1,300 hivi, ikionekana na watu waliojaa pwani kuishangilia. Ilikuwa nzito juu na nyembamba chini. Upepo uliipeperusha ikalala ubavu, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi. Lililonishika moyo ni kwamba kabla ya safari watu 30 walikimbizwa sitahani kutoka ubavu hadi ubavu ili kuijaribu, merikebu ikayumba vibaya mpaka amiri akaamuru jaribio lisimamishwe, na bado ikaruhusiwa kuondoka. Iliibuliwa mwaka 1961 ikiwa karibu nzima, kwa sababu maji ya Baltiki yana chumvi kidogo na hayana mdudu anayetoboa mbao. Sisi tunaoishi kando ya ziwa lililoimeza meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 hatuwezi kuitazama kama kitu cha ajabu cha Ulaya. Nilikaa mbele ya Vasa kwa muda wa saa mbili.

Kwenda huko hakuhitaji boti ya watalii. Kivuko namba 82 hutoka Slussen hadi kisiwa cha Djurgården kwa tiketi ya kawaida ya mji, ambayo hununuliwa hata ya saa 72, na tiketi hiyo hiyo hufungua njia za treni ya chini ya ardhi, ambako vituo vingi kati ya 100 vimepambwa kwa michoro na sanamu. Cha Solna Centrum kina mwamba mwekundu kama anga ya jioni. Mandhari ya mji mzima huonekana bure kutoka njia ya miguu ya Monteliusvägen, Södermalm.

Kuna mahali pamoja ambapo makala yenu haikupataja, na Mwafrika hapaswi kupapita. Katika barabara ya Sveavägen, kwenye kona ya barabara ambayo sasa ina jina la Olof Palme, kuna bamba lililotiwa katika njia ya waendao kwa miguu, pale alipopigwa risasi waziri mkuu huyo wa Uswidi usiku wa tarehe 28 Februari 1986, akirudi kutoka sinema na mkewe bila walinzi. Wiki moja kabla yake alikuwa amehutubia mkutano dhidi ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini mjini humo, Oliver Tambo, kiongozi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini, akiwapo. Kaburi lake liko karibu, katika uwanja wa kanisa la Adolf Fredrik, nalo ni jiwe tu lenye sahihi yake. Watu walipita wakienda kazini. Nilisoma fatiha kimoyomoyo, kwa kuwa sikujua la kufanya lingine.

Mwenye siku ya nne aende Uppsala, mwendo wa dakika 40 hivi kwa treni. Huko amezikwa Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki kwa ajali ya ndege karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, mwezi Septemba 1961 akishughulikia vita vya Kongo, na huko iko Taasisi ya Nordiki ya Afrika, inayofanya utafiti juu ya bara letu.

Mmeahidi kwamba makala ijayo itahusu Copenhagen. Naomba mwandishi wenu aeleze bei kwa shilingi za Uganda, Kenya na Tanzania, aseme wazi kwamba krona ya Denmaki si ile ya Uswidi wala ya Norwe, na aandike mtu wa kawaida wa kule anakula nini mchana na kwa bei gani. Daraja la Öresund, lililofunguliwa mwaka 2000, humvusha msafiri kwa treni kutoka Malmö, kusini mwa Uswidi, hadi Copenhagen kwa dakika zisizofika 45, kwa hiyo wapo watakaoziunganisha safari hizo mbili, nami, Mungu akipenda na binti yangu akipata kazi huko, nitakuwa mmoja wao.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Jinja, Uganda