Barua ya malalamiko: kinyago cha filamu kilichoelea kwenye beseni

Naliendele, Mtwara
11 Machi 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
(jina la kampuni nimelifuta kwenye nakala hii ya wazi; wenyewe mnajijua)
Dar es Salaam.

YAH: LOTI NAMBA 48, KINYAGO CHA MPINGO "KILICHOTUMIKA KATIKA FILAMU"

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini hamjambo na kazi zinaendelea vizuri. Mimi sijambo kwa uwezo wa Mungu, ila moyo haujatulia tangu Alhamisi ya tarehe 6. Barua hii naiandika baada ya futari kwa makusudi. Mchana nimefunga, na sikutaka kuichafua saumu yangu kwa maneno yaliyokuwa yananijia.

Masharti ya minada yenu mnayajua, sitawasomea. Nasema hivi: kinyago mlichoniuzia kwa shilingi 2,400,000, mkaweka juu yake kamisheni ya asilimia 15 na nauli ya mzigo shilingi 45,000, jumla 2,805,000, si mpingo. Na neno mpingo likianguka, kila mlichokiandika baada yake kwenye katalogi kinaanguka nalo.

Mpingo huzama. Hili halina haja ya maabara, mtoto yeyote aliyekulia kwa wachongaji analijua. Niliposhika mzigo wenu mara ya kwanza mkono wangu ulipanda juu haraka kuliko nilivyoutuma, nikajua kuna jambo. Nikajaza maji beseni kubwa la kufulia pale uani, nikakilaza. Kilizama kidogo, kikajigeuza, kikaelea chali na kiko chake cha tumbaku mdomoni, kama mtu anayepumzika baharini Shangani siku ya sikukuu. Maji yakaanza kuwa meusi. Nikakwangua chini ya kwapa kwa wembe: weusi wote ni unene wa ukucha, ndani mti mweupe pee. Najua mpingo nao una weupe wake pembeni, karibu na gamba, lakini moyo wake ni mweusi wenye zambarau, na hapa nimekwangua hadi kifuani. Kupaka kiwi si kosa, hata marehemu baba alimalizia kazi zake kwa kiwi. Kosa ni kiwi kufanya kazi ya mti.

Halafu kile kitambaa cha kijani mlichokibandika chini ya kitako. Kililoana, kikabanduka chenyewe. Chini yake kuna muhuri wa Kiingereza wenye neno TANZANIA kwa herufi kubwa.

Katalogi yenu inasema kinyago hiki kilisimama sebuleni kwa wawindaji katika filamu ya Hatari!, ile aliyoigiza John Wayne, ikaongozwa na Howard Hawks, iliyopigwa kaskazini mwa nchi yetu mwaka 1960 na 1961 na kutoka mwaka 1962. Ya filamu ni kweli, hayo sibishi. Lakini wakati huo hapakuwa na nchi iliyoitwa Tanzania popote duniani. Palikuwa na Tanganyika. Jina la Tanzania limekuja mwaka 1964, baada ya Muungano. Waheshimiwa, kinyago kilijuaje?

Haya ndiyo niliyokwenda kuyaeleza tawini kwenu Alhamisi. Nilifika saa nne na robo, mvua imenyesha, kinyago nimekifunga kwenye kanga ndani ya kiroba. Nikapanga foleni kama wengine. Nilipofika kaunta nikasalimia, nikaeleza kwa sauti ya chini, maana mtu aliyepunjwa hana haja ya kipaza sauti. Kijana wenu alinisikiliza huku macho yakiwa kwenye simu, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Mzee, si nyie Wamakonde ndio wachonga vinyago? Tutajuaje kama hujachonga cha kwako ukaja kutubadilishia?"

Watu wakacheka.

Utani wa makabila naujua, nimeishi nao miaka sitini na kitu, na watani wangu nawajua kwa majina. Yule si mtani wangu. Yule ni mfanyakazi wenu, amevaa shati lenye nembo yenu.

Na tusemezane ukweli kuhusu hicho mnachokiita Cheti cha Uhalisi. Karatasi inang'aa, muhuri wa dhahabu, saini kama njia ya siafu. Kinasema kinyago kimetoka kwa "mkusanyaji binafsi wa Arusha". Basi, hakuna zaidi. Mimi nikipeleka mbuzi mnadani nikasema nimempata kwa mtu binafsi, nalala polisi. Aliyekitoa kwenye seti ya filamu ni nani? Alimpa nani? Miaka sitini kilikaa wapi? Na ile picha ya filamu mliyoizungushia duara jekundu, nimeiangalia na mpwa wangu kwenye kompyuta, tumeikuza mpaka ikawa vigae. Ndani ya duara kuna kivuli. Kinaweza kuwa kinyago, kinaweza kuwa taa ya chemli, kinaweza kuwa kofia ya mtu.

Hapa Mtwara mnada si neno geni, tafadhali. Korosho zangu haziingii mnadani mpaka zipimwe unyevu, zikatwe zionekane ndani, zijulikane ni daraja la kwanza au la pili, ndipo mnunuzi aseme bei yake. Mkulima akiweka uchafu, gunia linarudishwa mbele ya macho yake na hakuna anayemwambia mnunuzi "chukua kama lilivyo". Hela niliyowapa ni ya korosho hizo hizo. Ninyi mlipima nini?

Utangulizi wa katalogi yenu unajivunia viatu vyekundu vya Judy Garland, vile vya filamu ya The Wizard of Oz, vilivyouzwa Marekani Desemba 2024 kwa dola milioni 28 kabla ya ada. Mmefanya vizuri kuvitaja. Viatu vile viliibwa mwaka 2005, vikapatikana mwaka 2018, na hakuna aliyeviamini kwa maneno. Vilipelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian vikalinganishwa na jozi iliyohifadhiwa kule. Ndivyo wenye kazi yao wanavyofanya: picha ya filamu huku, kitu huku, kovu kwa kovu. Na mti ni rahisi zaidi kuliko kiatu, kwa sababu mistari ya mti haina pacha. Tena hata kitu kikiwa cha filamu kweli, kuna kilichoshikwa na mwigizaji mbele ya kamera, kuna cha akiba kilichobaki stoo, kuna nakala iliyotengenezwa miaka ya baadaye kwa ajili ya mashabiki. Vyote vina wanunuzi, mradi kila kimoja kiitwe kwa jina lake. Mngeandika "mfano wa", nisingepandisha dau hata mara moja.

Nilipandisha mara tisa, nikiwa kwenye simu, tarehe 22 Februari, dalali wenu ananihimiza "bwana wa Mtwara, usikiachie". Marehemu baba alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa kijana, akakata mkonge, akaacha mkonge akachonga. Alikuwa akisema kuna Wazungu wa filamu walinunua vinyago vyake viwili Arusha. Hakuwa mtu wa kujisifu, alisema mara moja moja tu, akinoa tezo. Na alikuwa na alama yake: kisigino cha kushoto hakukipiga msasa, aliacha njia ya patasi ionekane. Kwenye picha zenu visigino havionekani. Mimi nilipandisha dau kwa ajili ya kisigino. Kilipofika, visigino vyote viwili ni laini kama sabuni. Hilo nalibeba mwenyewe, siwadai matumaini yangu. Nawadai hela yangu na heshima yangu.

Narudi Alhamisi, kwa sababu hapo juu nimeificha nusu yake, na nataka muisome yote. Nilikuwa na mjukuu wangu, wa darasa la tatu. Nimefunga, mdomo mkavu. Kijana akasema yale maneno, nyie Wamakonde, umechonga cha kwako, umekuja kutubadilishia, watu wakacheka. Nikaomba kumwona meneja. Meneja wa tawi akatoka kwenye chumba chake chenye kiyoyozi, hakuitikia salamu, akamwambia mlinzi: "Mkague kwanza." Mkague kwanza! Mlinzi akachukua kiroba. Akatoa kimoja kimoja na kukiweka kaunta mbele ya foleni: kinyago, kanga, miwani yangu niliyoifunga uzi mguu mmoja, dawa zangu za presha, tasbihi, risiti. Walikuwa wanatafuta kinyago cha pili. Kile cha kweli, nilichokificha! Meneja alipoona hakuna, akarudi ndani akafunga mlango ubaridi usitoke. Kijana akasema, "Haya mzee, pisha wengine." Nikaokota vitu vyangu mbele ya mjukuu wangu. Kwenye bajaji hakusema neno. Kiroba alikipakata yeye mpaka nyumbani, nilipotaka kumpokea hakunipa.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hiki sikukichonga mimi, ndiyo maana kimenitisha.

Jumamosi nikapata ujumbe wenu: "Ndugu mteja, bidhaa zote huuzwa kama zilivyo na mahali zilipo." Nimeufikiria sana huo msemo. Kama ilivyo, maana yake kikiwa na ufa, kina ufa, nimekubali. Haina maana kwamba kisipokuwa chenyewe, basi ndicho. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake, na maelezo mliyaandika ninyi, rangi nne, karatasi nzito.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, nirudishiwe shilingi 2,805,000 ndani ya siku saba tangu mpate barua hii. Naomba pia barua ya kuniomba radhi.

Hapana, barua haitoshi, barua mtaipiga chapa Dar es Salaam na kuituma. Meneja wa tawi na kijana yule waniombe radhi pale pale kaunta, saa nne na robo asubuhi, foleni ikiwepo, kwa sauti ile ile. Nitakuja na mjukuu wangu, nitamwombea ruhusa shuleni.

Na mkatae muone. Katika risiti yenu ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kitu nilichonunua kimeandikwa "PAMBO 1". Mnadani ni kumbukumbu ya filamu, kwa TRA, mamlaka ya mapato, ni pambo. Nadhani TRA watapenda kusoma katalogi, na Tume ya Ushindani nao, maana kazi yao mojawapo ni mlaji asidanganywe. Loti 41 hadi 53 zote mliziita za filamu. Walionunua hizo kumi na mbili nyingine wana haki ya kujua, na siku saba zikipita nitawatafuta mmoja mmoja. Mkifanya mnada mwingine Mtwara, nami nitakuwepo mlangoni, nje kabisa ya eneo lenu ili msiite polisi, na beseni langu la maji na kinyago chenu ndani yake, kiko kinaangalia juu. Sitasema neno. Watu wataangalia wenyewe.

Kinyago kinabaki kwangu hadi hela iingie. Msimtume mtu kuja kukichukua.

Wenu katika kusubiri,

Mnunuzi wa loti namba 48,
Naliendele, Mtwara.

NB: Mlinzi asiadhibiwe kwa barua hii. Alitumwa. Tena alinikimbilia hadi kituo cha bajaji na kanga niliyoisahau kaunta, ameikunja vizuri, akasema, "Samahani baba." Katika kampuni yenu nzima, samahani niliyoipata mpaka leo ni hiyo moja.