Kibahasha kisicho na jina la dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo mwezi Oktoba mwaka jana lilinizungusha siku tatu kwenye jua la Dodoma nikitafuta neno moja tu, yaani jina la dawa ambayo nilikuwa nimekwisha kuimeza yote.

Nilikuwa na maumivu wakati wa kukojoa. Badala ya kwenda zahanati kupima mkojo, kosa ambalo ni langu na silikwepi, nilikwenda duka la dawa lililo jirani na ninapoishi, hapa Nkuhungu, nikaeleza shida yangu, nikahesabiwa vidonge vyeupe 28 kutoka kwenye kopo. Vilitiwa ndani ya kibahasha cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu "2x2", basi. Nilimeza viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku saba, maumivu yakaisha, nikashukuru.

Siku mbili baada ya kumaliza, kifua na mgongo vilianza kuwasha. Mwanzoni nilidhani ni harara, kwa kuwa joto la Oktoba tunalijua sote. Jirani yangu alilaumu maji ya kisima, ambayo kwa sisi wa huku yana chumvi na hubebeshwa lawama ya kila muwasho. Mwingine akasema ni surua. Hakuna aliyetaja dawa, wala mimi sikuifikiria, kwa sababu nilikuwa nikiamini kwamba dawa inayomkataa mtu humkataa siku ile ile anayoimeza. Kufikia siku ya tatu vipele vilikuwa vimeshuka hadi mapajani. Kwa ngozi yangu nyeusi havikuwa vyekundu kama vinavyoonyeshwa kwenye picha, bali vilikuwa kama punje za uwele zilizofichwa chini ya ngozi, na mahali vilipokutana ngozi ilikuwa imegeuka zambarau iliyokolea.

Tabibu wa zahanati hakuanza kwa kutazama vipele. Aliuliza kwanza nimetumia dawa gani katika wiki mbili zilizopita. Alinieleza kwamba mzio wa dawa wa aina hii, hasa ule wa antibiotiki, kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu mtu aanze kumeza, hivyo unaweza kabisa kuja wakati dozi imekwisha na kibahasha kimetupwa jalalani. Changu kwa bahati sikuwa nimekitupa, nikampa. Alikigeuza, akasoma "2x2", akakigeuza tena, akanirudishia. Kwenye kadi yangu akaandika: "Mzio wa dawa isiyojulikana."

Mhariri, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Kwa vipele vyenyewe nilitibiwa vizuri: nilipewa vidonge vya setirizini vya kupunguza muwasho na losheni ya kalamaini ya kupaka, nikaambiwa nioge maji ya baridi na nisijikune. Nilionywa pia kwamba nikiona midomo au uso unavimba, au nikipumua kwa shida, au nikipata homa pamoja na vidonda mdomoni, macho kuwa mekundu, malengelenge au ngozi kuchubuka, niende hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Kuna mzio mkali wa dawa unaoitwa kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922, Stevens na Johnson, ambao huchubua ngozi kama mtu aliyeungua moto na unaweza kuua. Wangu haukufika huko. Baada ya wiki mbili hivi ngozi ilibambuka kidogo kidogo, ikabaki na madoa meusi, na hayo nayo yanafifia.

Lakini "dawa isiyojulikana" haifutiki kwa losheni. Mtu aliyekwisha kupata mzio wa dawa fulani akiimeza tena, mwili huwa umeshaizoea vita hiyo, na vipele huweza kurudi katika siku moja au mbili, tena kwa nguvu zaidi. Nitajiepushaje na kitu nisichokijua jina? Nilirudi dukani, nikamkuta muuzaji mwingine, akaniambia kwamba vidonge vyeupe anavyo vya aina nyingi. Aliyeniuzia alikuwa amesafiri kwenda Kondoa kwenye msiba. Siku ya tatu alipopatikana kwa simu, alijibu bila hata kufikiri: Septrin.

Niliporudi zahanati na jina hilo, tabibu alifurahi kuliko nilivyotarajia. Septrin ni antibiotiki yenye dawa mbili ndani yake, na moja ni ya jamii ya salfa. Salfa hiyo hiyo kwa sura nyingine imo katika vidonge vya SP, ambavyo kina mama wajawazito humeza kliniki kujikinga na malaria. Wenye umri wangu wanaikumbuka SP tangu mwaka 2001, ilipochukua nafasi ya klorokwini katika kutibu malaria, na wanakumbuka hofu iliyoenea wakati huo kuhusu watu kubabuka ngozi. Mimi bado sijafunga uzazi. Siku nitakapokwenda kliniki na kupewa vile vidonge vitatu nivimeze mbele ya muuguzi, nitajua la kusema.

Najua wauzaji wana sababu zao. Wapo wanaosema kwamba wateja hawasomi. Wapo pia wanaoficha jina kwa nia njema, kwa kuwa Septrin hutolewa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ili kuwakinga na magonjwa nyemelezi, na mteja akiona jina hilo huanza kuwaza mengine, au huogopa jirani atakayekiona kibahasha mezani. Hofu hiyo naielewa, ila itibiwe kwa maelezo mafupi dukani, si kwa kumwacha mtu gizani. Maduka ya dawa muhimu, tangu yalipoanzia Ruvuma mwaka 2003, yaliwekwa ili mwananchi ahudumiwe na mtu aliyefunzwa kutoa dawa. Na kuandika "Septrin 480" hakuchukui muda mrefu kuliko kuandika "2x2".

Tena kutojua jina huumiza hata kwa upande wa pili. Shangazi yangu hukataa kila antibiotiki kwa sababu utotoni "sindano" ilimtoa vipele. Sindano ipi, hakuna anayejua, na inawezekana kabisa kwamba anakataa dawa nzuri na ya bei nafuu isiyo na kosa lolote kwake.

Ninachoomba kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, yenye ofisi hapa hapa Dodoma, ni kwamba wakaguzi wanapopita madukani wasiangalie tu tarehe za kuisha muda na leseni ukutani. Wachukue vibahasha vitatu vinne vilivyokwisha kuandikwa wavisome. Mamlaka hiyo hupokea taarifa za madhara ya dawa, na yangu imekwisha kupelekwa na tabibu, lakini isingekuwa na maana yoyote kama pale penye jina la dawa pangebaki wazi.

Wiki iliyopita nilimnunulia mwanangu dawa ya kifua katika duka jingine, karibu na soko la Majengo. Kibahasha kiliandikwa "1x3". Nilikirudisha juu ya meza pamoja na kalamu yangu. Dada yule alinitazama kidogo, akacheka, akaandika jina, nguvu ya dawa na tarehe.

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma