Shemeji kashika karatasi ya nyumba, bati linavuja, nifanyeje?

Dada habari za kazi. Samahani nitaandika ndefu na haijapangika, usingizi umegoma toka saa nane na mvua ndo imekatika sasa hivi. Mimi ni mjane, niko Moshi, Pasua, masika ya huku unaijua mwenyewe.

Fundi alipanda darini akachoma kenchi na bisibisi ikazama mpaka mpini, mchwa wamekula ndani yote, nje unaona mbao nzima. Maji yanafuata waya wa taa mpaka kwenye swichi, kwa hiyo mvua ikianza nazima meni, watoto nawahamishia sebuleni na madaftari yao nayafunga kwenye nailoni. Fundi kapiga hesabu ya mbao, bati geji 28 upande ule mbovu na ufundi wake, jumla milioni 2.8.

Sasa dada mimi siyo kwamba sina kitu. Vikoba nina hisa za laki 6, na kwetu unakopa mara tatu ya hisa zako, hiyo ni milioni 1.8. Imebaki milioni moja. Nauza mitumba pale Memorial, sijawahi kudaiwa nikakimbia, mwenyekiti wa kikundi ni shahidi. Halafu shemeji anasimama mbele ya wanangu ananiambia mimi nilikuja na begi tu.

Nilianzia halmashauri, ile mikopo ya asilimia 10 iliyorudi 2024, kweli haina riba lakini ni ya vikundi vyenye mradi, bati la nyumbani kwako siyo mradi. Nikamuuliza yule dada wa pale, nyumba ikiniangukia huo mradi nitaufanya nikiwa wapi, akaniangalia tu kwa huruma. Nikaenda taasisi moja mjini, wao wanao mkopo wa kukarabati nyumba, unalipa mwaka mzima, na riba haizidi ile asilimia 3.5 kwa mwezi ambayo Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja lao. Hiyo naimudu, nimepiga hesabu na kurudia. Ila wanataka karatasi ya nyumba. Karatasi ina jina la baba mkwe ambaye ni marehemu, mirathi haijawahi kufunguliwa, na anayeishika ni shemeji.

Baba mkwe kiwanja alimpa mume wangu kwa mdomo wake, wazee wapo wanajua. Nyumba tumejenga sisi. Mchanga nimebeba na mimba ya huyu wa pili, zege la msingi nimeshika beleshi kama mwanaume. Sasa mume hayupo ndo nimekuwa mtu wa begi! Na mtoto wangu mkubwa kaniuliza, mama kwani hapa siyo kwetu? Dada hilo ndo haliniishi kichwani, bati ningevumilia.

Wale wa kausha damu wameshanifuata mpaka mezani kwangu sokoni, milioni moja unapewa siku hiyo hiyo, mwezi ukiisha unarudisha milioni 1.3. Jirani yangu walimbebea friji mchana kweupe na chakula kikiwa ndani. Sitaki. Ingawa juzi nilichukua namba yao, sijui kwa nini niliichukua.

Shemeji sasa kasema atasaini na karatasi ataitoa, ila kwanza na mimi nisaini kwamba nyumba ni ya ukoo na naishi kwa ruhusa yao. Anasema ni utaratibu tu. Kama ni utaratibu mbona marehemu mume wangu hakuwahi kusainishwa? Mwenyekiti wa mtaa kaniambia nisisaini chochote, niende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, mirathi ifunguliwe. Kikao chenyewe anayekiitisha ni shemeji huyo huyo. Na mama mkwe wangu, yuko Kibosho, ananipenda na mimi nampenda, kasema msinizike na kesi. Mimi mahakamani sitaki kumpeleka mtu, watu watasema mjane kageuka. Lakini jina la wanangu nalitaka kwenye ile karatasi, hilo sitanii.

Usiniambie nirudi kwetu Same, nimeshaambiwa. Usiniambie nipange chumba, siwezi kulipa kodi na nyumba ninayo.

Nikisaini si napata bati, watoto wanalala pakavu, hayo mengine tutayadai baadaye? Au nikishasaini ndo basi, wanangu nimewatoa mwenyewe? Na mirathi ya baba mkwe mimi mkamwana naweza kuifungua kwa ajili ya watoto bila shemeji kukubali? Naomba unijibu kabla ya Jumamosi, shemeji kasema siku hiyo anakuja na mjumbe, na hiyo karatasi ya mimi kusaini ameshaichapisha.

Mama wa watatu, Pasua