Jaketi livaliwe kabla ndege haijaondoka gatini

Mhariri,

Tarehe 7 Januari 2025 ndege ndogo ya majini ilianguka ikiruka kutoka kisiwa cha Rottnest, Australia. Kati ya watu 7 waliokuwamo, 3 walikufa. Naandika kwa sababu wengi hapa wanatamani usafiri wa aina hiyo: Entebbe hadi visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, kwa dakika chache, bila kungoja feri Nakiwogo. Siupingi. Miaka ya 1930 ndege kubwa za Imperial Airways kutoka Uingereza zilikuwa zikitua majini Port Bell, bandari ya Kampala, na ziwa ni lile lile. Ombi langu ni moja: atakayetoa kibali aulize kwanza abiria watatokaje ndani.

Ndege yenye maboya ikipinduka hubaki tumbo juu, abiria wakining'inia kwenye mikanda vichwa chini majini. Hata aliyefaulu kujifungua hajui tena mlango uko upande gani. Saturna, Kanada, tarehe 29 Novemba 2009, ndege ilianguka baharini punde baada ya kuruka, na 6 kati ya 8 wakafa maji. Wachunguzi wakapendekeza milango na madirisha yanayong'oka upesi, na abiria wavae jaketi tangu mwanzo. Kwa hali ile, nani atapapasa chini ya kiti kutafuta jaketi?

Lakini si jaketi lolote. Haya ya rangi ya chungwa tunayopewa kwenye boti zetu, sponji imelika, kifungo kimekatika na mahali pake pana kipande cha kamba ya nyavu, ndani ya ndege yangekuwa mtego. Yanaelea, kwa hiyo yanambana mtu juu, mbali na mlango uliozama. Ndivyo ilivyowakuta baadhi ya abiria wa ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini Komoro mwaka 1996: walijaza jaketi upepo wakiwa bado ndani, maji yakawanasa humo. Linalofaa ni lile jembamba la kufunga kiunoni, kamba yake ya kulijaza upepo ivutwe mtu akishatoka nje. Kila abiria aoneshwe hilo kwa lugha anayoielewa, na mkono wake uguse kitasa cha mlango kabla injini haijawashwa.

Njia ya kurukia nayo iwekewe alama. Ndege ikianza kukimbia majini pua huinuka, na kwa muda rubani haoni mtumbwi ulio mbele yake.

Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba, Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika, na watu 24 kati ya 43 wakapona. Huku kwetu pia watatangulia wavuvi. Basi wale wa Kigungu na mialo ya Kalangala waitwe mapema, waoneshwe mlango wa ndege hizo unavyofunguliwa kutoka nje.

Msomaji wenu,
Nakiwogo, Entebbe