Shukrani kwa mama wa Bologna

Mama, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Nilikuwa nazunguka Bologna, Italia, kwa miguu, peke yangu, ramani ya karatasi mkononi. Nilishaona uwanja wa Piazza Maggiore na kanisa la San Petronio, nikawa najiandaa kuondoka. Ukanishika mkono, ukanipeleka chini ya kuba la jumba la Palazzo del Podestà, ukanisimamisha kwenye pembe, uso ukutani. Kisha ukaenda pembe ya mkabala ukanong'ona. Sauti yako ikapanda na tao, ikanishukia sikioni, na watu waliopita katikati yetu hawakusikia kitu: "Benvenuta." Karibu.

Siku tatu nilikuwa sijasemeshwa na mtu. Machozi yalinitoka, nawe ukayaona.

Ukanichorea pia njia ya kwenda San Luca, kanisa lililo kilimani, kuanzia lango la Porta Saragozza. Kesho yake nikaipanda: matao 666, karibu kilomita 4, zote chini ya paa. Mvua ilinyesha na sikulowa. Kila nilipotua kupumzika nilikuombea. Ahsante sana, mama. Mungu akupe umri mrefu na afya.