Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Utafiti wa Viashiria vya Damu katika Saratani ya Koo

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka huu. Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vinne, mafunzo mawili ya kusoma slaidi za PD-L1 (protini ambayo uvimbe hutumia kujificha dhidi ya kinga ya mwili), semina moja ya HPV (virusi vinavyoweza kusababisha saratani ya koo), na daftari letu la pamoja lililofikisha wagonjwa 312 kabla ya uhakiki. Mihtasari mlishapewa.

Niingie kwenye jambo ambalo wengi wamelibeba moyoni: kuondolewa kwa wagonjwa 97 katika uchambuzi mkuu. Imesemwa kwamba mwenyekiti ametupa jasho la wenzake. Pendekezo lilikuwa langu, mafaili yote niliyapitia mwenyewe kwa wiki tatu, na leo ningependekeza vilevile.

Tunachofuatilia ni uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu, kabla ya tiba. Neutrofili zikipanda huashiria mchochota, na mchochota wa muda mrefu huusaidia uvimbe kukua na kusambaa. Limfosaiti zikishuka, kinga inayopambana na saratani imepungua. Ndiyo maana tafiti nyingi zimeona uwiano mkubwa ukiambatana na kuishi muda mfupi zaidi. Lakini mgonjwa wetu mara nyingi hufika akihema kwa shida, anachomwa deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe wa njia ya hewa, papo hapo, na damu inachukuliwa kesho yake. Dawa hiyo huongeza neutrofili kwenye mzunguko wa damu na kupunguza limfosaiti. Aliyekuwa na neutrofili 4.2 na limfosaiti 2.1, yaani uwiano wa 2, anaweza kusomeka 9 kwa 1. Hiyo 9 tuiandike kwa saratani au kwa sindano? Mwenye nimonia, au aliyetobolewa koo juzi ili apumue, naye ni vivyo hivyo. Wagonjwa wa namna hiyo ndio hao 97 tuliowaondoa.

Hoja kwamba tumewaondoa waliozidiwa na kubaki na wenye nafuu ni nzito, nami niliipokea. Kwa sababu hiyo hakuna aliyefutwa: wote 97 wamo katika daftari lao la pekee na watachambuliwa peke yao. Ila kuwachanganya na wengine sikukubali, na sitakubali.

Sikukubali pia tutangaze kikomo kimoja cha uwiano, yaani namba ambayo kuanzia hapo mgonjwa ahesabiwe kuwa hatarini. Wapo watafiti wanaotumia 2, wapo wa 3, wapo wa 5. Kikomo kikichaguliwa baada ya kujua nani alifariki, lazima kitapendeza. Kwa wagonjwa wengine kitaanguka.

Sasa mahudhurio, na hapa naumia. Kikao kilichoitishwa kuamua suala la hao 97 walifika 14 kati ya wanachama 61. Akidi haikutimia, Kamati ikalazimika kuamua yenyewe. Barua kali nyingi nilizopokea baadaye zimetoka kwa ambao hawakufika wala kuomba udhuru. Ada wamelipa 23, waliolipa nusu ni 9, na 29 hawajatoa chochote, pamoja na baadhi ya wanaolalamika kwamba majibu ya p16, protini inayoashiria saratani iliyotokana na HPV, yanachelewa. Vitendanishi vimekwisha, Mweka Hazina hana la kufanya. Na bila p16 hatuwezi kwenda popote kwa saratani ya koromeo la kati, kwani toleo la 8 la mwongozo wa AJCC, kamati ya Marekani inayopanga hatua za saratani, limewatenga wenye p16 katika hatua zao wenyewe, kwa kuwa wanaishi muda mrefu zaidi.

Mwakani, hali ikiruhusu, tunatarajia kuongeza vipimo vya CRP (protini ya damu inayopanda wakati wa mchochota) na albumini (protini nyingine ya damu), kuhesabu limfosaiti za CD8, zile zinazoua seli za saratani, ndani ya uvimbe wenyewe, na pengine kupata washirika wa nje.

Namshukuru Katibu, aliyefanya kazi ya watu watatu. Fomu zilizobaki zirudishwe kwake, na kila moja ionyeshe saa damu ilipochukuliwa na saa ya sindano ya mwisho ya steroidi.

Mwenyekiti