Dada, kile kichupa nilikimwaga mimi

Dada, shikamoo.

Tangu tumzike mama hupokei simu yangu, basi nakuandikia hapa, na wengine wanaouguza wagonjwa wa saratani wasome.

Najua ulimpenda. Usiku ule alipotapika mpaka nyongo, wewe ndiye uliyemshika kichwa, mimi nimesimama tu mlangoni. Lakini sisahau asubuhi ya dripu ya tatu ya dawa ya saratani. Nimeinua mto niutengeneze, nikakuta kile kichupa cha vidonge vya antioksidanti, vile vya kuzima oksijeni kali mwilini, umekifunga kwenye leso yako. Daktari alishakataza, tena mbele yako! Nikavimwaga chooni. Ukanifuata koridoni, ukaniambia kwa sauti ya mama kusikia: "Wewe unataka afe."

Siku ile nilishindwa kukujibu kwa kulia. Dawa ya mama, sisiplatini, huishika DNA ya seli ya saratani na kuiharibu, na huijaza seli hiyo molekuli kali za oksijeni. Seli nayo hujitetea. Ina glutathioni, antioksidanti yake yenyewe, ambayo huzima ukali huo na kuinasa dawa yenyewe kabla haijaifikia DNA, kisha pampu za kwenye utando wa seli huitupa nje. Anayeamrisha yote ni protini iitwayo NRF2. Mwenzake, KEAP1, ndiye humzuia, ila kwenye baadhi ya saratani za mapafu KEAP1 huwa imeharibika, na ulinzi unabaki umewashwa usiku na mchana. Ndipo dawa inapogonga mwamba. Sasa seli kama hiyo, dada, wewe unaiongezea nini?

Ulisema vitamini haimdhuru mtu. Finland walijaribu kwa wavutaji sigara zaidi ya 29,000, na mwaka 1994 wakatoa matokeo: waliomeza beta-karotini, antioksidanti ambayo mwili huigeuza vitamini A, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Hawakuwa kwenye dripu kama mama, najua. Lakini haikuwa maji ile.

Sisemi vidonge vyako vilimuua. Ugonjwa ulishafika kwenye ini kabla hata hujavinunua. Ila nilifanya sawa kuvimwaga, na ningevimwaga tena. Ningefanya nini kingine, nikae nitazame?

Jioni ile, ulipoondoka, mama aliniuliza: "Kichupa cha dada yako umekiweka wapi?" Nikamwambia sijakiona. Akanitazama sana, halafu akageukia ukutani.

Kama alikuambia chochote juu ya hilo, nipigie, hata usiku.